Anajua la kufanya, mbona hafanyi? Upande wa ADHD usioonekana

Taja ADHD mbele ya wazazi wa Lamu, na wengi watamfikiria mvulana anayeruka madawati, anayempanda punda asiye wake, asiyetulia hata hotuba ya Ijumaa inaposomwa. Mtoto huyo yupo, kila mtaa unamjua. Lakini akichukuliwa yeye kuwa ndiye sura pekee ya hali hii, wengi wanaachwa nje: msichana mkimya anayetazama dirishani mpaka kengele inalia, mwenye duka asiyeandika madeni ya watu kisha akashindwa kuyadai, mama anayemaliza saa nane za usiku kazi aliyokusudia kuianza asubuhi. Hawa hawamsumbui mtu darasani wala barazani, kwa hiyo hakuna anayeuliza wana nini.

ADHD, kifupi cha Kiingereza cha “attention-deficit/hyperactivity disorder”, ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mwenye nayo hupata tabu kuongoza umakini wake, kutuliza mwili wake na kuzuia misukumo yake kama inavyotarajiwa kwa umri wake. Wapo ambao tatizo lao ni umakini tu, wapo wenye mhangaiko na pupa, na wapo waliochanganya yote. DSM-5, mwongozo wa kutambua maradhi ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 na unaotumiwa na matabibu wa nchi nyingi, unataka mtoto awe na dalili sita kati ya tisa za umakini, au sita kati ya tisa za mhangaiko na pupa. Kwa mwenye miaka 17 na zaidi, tano zinatosha. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi sita, kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zimvuruge mtu katika maisha yake, na zitokee mahali pasipopungua pawili. Sharti hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anayehangaika kwa mwalimu mmoja tu, na kwingine kote ametulia, pengine wa kutazamwa ni mwalimu. Kwa makadirio ya dunia nzima, watoto wapatao 5 katika kila 100 wana ADHD, na watu wazima kati ya 2 na 3. Darasa la watoto 40, basi, tarajia wawili.

Wapo wanaosema haya yameletwa na simu. Daktari Alexander Crichton wa Scotland alieleza habari za watu wasioweza kushika jambo moja akilini tangu mwaka 1798, na mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto, aliwahutubia madaktari wenzake London kuhusu watoto wenye akili timamu lakini wasioweza kujizuia. Simu yaweza kumzidishia shida mwenye ADHD. Haikuizaa.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba mwenye ADHD kwa kawaida anajua anachotakiwa kufanya. Muulize, atakueleza hatua kwa hatua, pengine akushinde wewe. Panapokatika ni kati ya kujua na kutenda. Ndiyo maana nasaha hazimfai sana: nasaha humwongezea kujua, na kujua anako tayari.

Kuna jambo dogo nililolitazama kwa karibu nyumbani kwa jamaa zangu, mtaa wa Mkomani. Mama alimwita mwanawe wa miaka tisa.

“Mwanangu, nenda dukani uniletee nazi mbili na kitunguu. Hima, chungu kiko motoni.”

“Haya, mama.”

Mtoto akarudia mwenyewe kwa sauti, nazi mbili, kitunguu, akatoka mbio. Nilishuka nyuma yake bila kumwingilia. Kichochoroni akakuta punda wawili waliobeba mawe ya kujengea wamebanana, na mwenyewe anahangaika kulegeza kamba. Mtoto akajibana ukutani, macho yote kwenye fundo, akauliza limefungwaje. Akawafuata punda mpaka Mkunguni, mbele ya ngome, ambako wazee walikuwa wakicheza bao, na hapo akachuchumaa. Aliporudi nyumbani noti ilikuwa bado mkononi, imelowa jasho. Alipouona tu uso wa mamake akasema mwenyewe, kabla hajaulizwa: “Nazi!”

“Ulikuwa wapi? Wanifanyia kusudi?”

Alilia, na hakuwa na jibu, kwa sababu jibu lenyewe hakulijua.

Kilichomponyoka njiani ni kumbukumbu ya muda mfupi, ile ambayo akili huitumia kushika jambo moja huku mwili unafanya jingine. Kwa watu wengi jambo lililoshikwa hivyo lina ulinzi: punda anapita, unamtazama, unarudi kwenye nazi. Kwa mwenye ADHD kipya kikiingia, cha awali kinatoka, na hakirudi mpaka kitu cha nje kikirudishe. Kwa mtoto yule kilikuwa uso wa mamake. Kazi ya kushika, kuzuia na kupanga hufanywa zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, nayo hutegemea sana kemikali za dopamini na noradrenalini. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walichapisha matokeo ya kupiga picha ubongo wa watoto walivyokuwa wakikua. Gamba la ubongo la watoto wenye ADHD lilifikia kilele cha unene wake karibu na umri wa miaka 10.5, ilhali kwa wenzao ni miaka 7.5, na uchelewaji ulikuwa mkubwa zaidi kwenye sehemu ya mbele. Hapa watu hukosea wakadhani mtoto wa miaka tisa ana akili ya mtoto wa miaka sita. Hapana. Kwa kufahamu mambo anaweza kuwa mbele ya darasa zima. Alichochelewa ni kujiongoza.

Na akili hiyo inayoonekana hapa na kupotea pale ndiyo inayomponza. Yupo mtoto ambaye chuoni, yaani madrasani, anahifadhi sura nzima kabla ya wenzake, lakini shuleni hawezi kunakili mistari mitano kutoka ubaoni. Wazazi hukata shauri: akitaka anaweza, basi hataki. Tazama lakini kinachofanyika kule chuoni. Watoto wanasoma kwa sauti, pamoja, mwili unayumba, na mwalimu anasahihisha neno papo hapo likikosewa. Shuleni anatakiwa akae kimya, asisogee, aandike peke yake, na alama azione baada ya juma zima. Umakini wa mwenye ADHD huvutwa na kinachompendeza, kilicho kipya, cha haraka au cha hatari, na huachia jambo la kuchosha hata likiwa na faida kubwa. Baharia anayesahau kulipa umeme aweza kuwa ndiye makini kuliko wote chomboni upepo unapochafuka nje ya Shela, maana bahari inamdai jibu sasa hivi.

Wakati ni tabu nyingine isiyoonekana. Lamu tunaahidiana kwa vipindi vya sala: tuonane baada ya alasiri, nitakuletea baada ya isha. Adhana huwasaidia wenye ADHD kuliko wanavyotambua, kwa sababu inaupa wakati sauti. Ila “baada ya alasiri” ni kipindi kirefu mpaka magharibi, na mtu asiyeuhisi wakati ukipita huzama humo.

Chukua mama anayepika vitafunio vya kuuza. Ameagizwa visheti vya arusi ya Alhamisi. Jumapili unga, samli na sukari viko jikoni. Jumatatu anaviangalia. Anasugua sufuria, anapanga kabati, anapokea simu, anajisuta, na hawezi kuanza. Hajasahau, visheti vimemkaa rohoni siku nzima. Jumanne ni vivyo hivyo. Jumatano baada ya isha, hofu inapompanda, ndipo mikono inafunguka: anakanda, anakata, anakaanga, anatia shira mpaka alfajiri. Arusini watu wanasifu, naye anaitikia huku mwili unamtetemeka kwa uchovu. Waliokula wameona kazi nzuri iliyofika kwa wakati. Usiku ule, na siku tatu za kujitukana zilizoutangulia, ni vyake peke yake. Wapo watu wanaoishi hivi miaka ishirini, kila kazi ikisubiri hofu ije kuianzisha, na hofu inayoitwa kila juma haiondoki bure: inaacha wasiwasi wa kudumu na usingizi ulioharibika. Ukimwambia mama huyu “si ungeanza mapema”, umemwambia jambo alilojiambia mwenyewe mara mia tangu Jumapili.

Wasichana ndio hufichika zaidi. Katika watoto wanaotambuliwa, wavulana ni kama wawili kwa kila msichana mmoja. Kwa watu wazima pengo hilo hupungua, dalili kwamba wasichana wengi hupitwa utotoni. Kwetu binti hufunzwa mapema kukaa kwa staha, na mhangaiko wake huingia ndani. Anachezea ncha ya mtandio, anang'ata kucha, mawazo yamevuka kisiwa cha Manda na kurudi. Ripoti ya shule inasema ana nidhamu, aongeze bidii. Akiolewa, nyumba inamtaka akumbuke chanjo ya mtoto, karo, wageni, dawa za mama mkwe, kila jambo na siku yake, na ile mbinu ya kutulia kimya haimfai tena. Wengi huja kutibiwa ukubwani kwa wasiwasi au sonona, na kweli wanayo, lakini chini yake kuna jambo ambalo hakuna aliyelitafuta.

Mtoto anayeitwa mvivu, mapepe, kichwa maji, siku baada ya siku, huishia kuamini. Hisia za wenye ADHD aghalabu hupanda haraka na huchelewa kushuka, hivyo lawama ndogo yaweza kumharibia mtu siku nzima, na baadaye akaacha kujaribu jambo lolote analoweza kulaumiwa kwalo. Wengine hujitibu wenyewe. Muguka na miraa, mimea ya kutafunwa inayochangamsha, vina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini, na dawa za kundi hilo ndizo ambazo madaktari wa nchi kadhaa huwaandikia wenye ADHD. Kijana anayesema akitafuna ndipo akili inamkaa huenda anaeleza kweli anachokihisi. Lakini hana kipimo, hana anayemfuatilia, usiku hapati usingizi, na kesho yake umakini umepungua zaidi. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, serikali kuu ikapinga, na mjadala ukawa wa biashara na mamlaka. Sikusikia wengi wakiuliza kwa nini baadhi ya vijana wanauhitaji kiasi kile.

Gharama ya kupuuza ni kubwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa Januari 2025, uliotumia rekodi za watu wazima zaidi ya 30,000 waliotambuliwa kuwa na ADHD, ulikadiria kwamba wanaume wenye hali hiyo huishi miaka karibu 7 pungufu ya wenzao, na wanawake miaka karibu 9. ADHD yenyewe haiui. Watafiti wanadhani sababu ni mambo yanayozuilika, pamoja na msaada na matibabu ambayo watu hawakuyapata.

Chanzo kwa sehemu kubwa ni kurithi. Tafiti za mapacha na za familia zinaweka mchango wa jeni kwenye kiasi cha asilimia 74. Kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huongeza uwezekano, na vivyo hivyo sumu ya madini ya risasi, kama ile iliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu. Sukari haileti ADHD, wala malezi mabaya. Na kwa kuwa hurithiwa, mara nyingi mzazi anayeitwa shuleni kusikiliza malalamiko ya mwanawe ana hali hiyo hiyo bila kujua, na ndiyo maana tarehe ya kuitwa ilimpita.

Sina ugomvi na mzazi anayemsomea mwanawe dua, au anayemwandikishia kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, akamnywesha. Dua haizuii hospitali. Nina ugomvi na kumwambia mtoto kwamba ndani yake kumekaa jini, kwa sababu atakua akijiogopa. Na ugomvi mkubwa zaidi ninao na kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kupiga shuleni, lakini hata pasingekuwa na sheria, maumivu ya asubuhi hayawezi kumkumbusha mtoto nazi saa sita mchana. Dini ina adabu bora kuliko hiyo. Anayesahau idadi ya rakaa haambiwi atoke msikitini. Hujenga juu ya alilo na yakini nalo, akakamilisha, akasujudu sijda mbili za kusahau, na sala yake ni sahihi. Kusahau kumetengenezewa marekebisho pale pale kulipotokea.

Msaada wa ADHD nao una kanuni hiyo, na mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley ameisisitiza kwa miaka mingi: uwekwe mahali na wakati ambapo kitendo kinatendeka. Mtoto wa nazi apewe kikapu mkononi pamoja na pesa. Noti huingia mfukoni ikasahaulika. Kikapu kitupu kinamgonga miguuni njia nzima na kumuuliza. Atumwe jambo moja, si matatu. Mwenye duka aandike deni kabla bidhaa haijavuka meza, daftari na kalamu vikiwa vimefungwa kwa uzi pale pale penye mizani. Mama wa visheti amwite shoga yake Jumatatu aje akae naye jikoni, hata kama huyo shoga atakuwa anasuka ukili wake tu, maana kuwapo kwa mtu mwingine huwawezesha wengi kuanza kazi iliyowashinda. Jambo hili kwetu si geni: kazi za arusi zimefanywa kwa kundi tangu zamani. Mwalimu naye amkalishe mbele, amgawie kazi vipande vifupi, asahihishe kipande kabla ya kumpa kingine, na amtume kufuta ubao anapoona mwili umeanza kuhangaika. Sifa ije hapo hapo, si mwisho wa muhula.

Kabla ya kukubali kwamba ni ADHD, kuna mengine ya kuondolewa njiani. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana hazingatii. Kifafa cha kupotewa na fahamu kwa sekunde chache hufanana na kuduwaa. Anayekoroma usiku kucha hahimili asubuhi ya darasani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome mjini Kilifi, kituo cha utafiti wa tiba kilichoanza mwaka 1989, wameonyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya kufikiri na ya kuzungumza, kwa hiyo historia ya degedege itajwe. Hofu nayo huvunja umakini: mtoto aliyeona mashambulizi ya Juni 2014 ya Mpeketoni, katika kaunti yetu, au aliyekimbishwa kijijini kwake, anaweza kushtuka kwa kila mlango unaogongwa bila kuwa na ADHD yoyote.

Dawa inayotumika zaidi kwa watoto ni methilfenideti, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944. Hupandisha dopamini na noradrenalini, na kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa takriban saa nne. Hupunguza hamu ya kula, huweza kuharibu usingizi na kuongeza mapigo ya moyo, na inadhibitiwa na sheria, basi isitafutwe kwa rafiki wala kugawana na ndugu. Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likitaka ushahidi wenye nguvu zaidi, na huenda isiwe rahisi kuikuta kwenye hospitali ya umma. Ukiipata, Ramadhani ikikaribia saa za kumeza zipangwe upya na daktari, pamoja na usingizi.

Kwa mtu wa kisiwani, pa kuanzia ni Hospitali ya Kaunti ya King Fahd, kuonana na daktari na kuomba rufaa. Bingwa huenda akapatikana Mombasa, yaani boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, siku nzima njiani. Kwa mtoto wa shule, iulizwe ofisi ya elimu kuhusu vituo vya serikali vya EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kupima mahitaji ya watoto masomoni.

Safari hiyo ndefu humalizikia kwenye mazungumzo mafupi na daktari, kwa hiyo nenda na karatasi. Andika shida zilianza lini, zinatokea wapi na wapi, na zimekugharimu nini. Beba ripoti za shule hata zikiwa za zamani. Mtu mzima afuatane na mama, shangazi au ndugu aliyemjua akiwa mdogo, maana dalili za kabla ya miaka 12 mwenyewe hazikumbuki vizuri. Degedege, malaria kali, kuanguka na kuumia kichwa, usingizi, na muguka kama unatafuna, vyote vitajwe bila kuficha. Na karatasi ikishaandikwa isisubiri siku ya safari: itiwe leo hii kwenye pochi, pamoja na kitambulisho.